Wepesi Kabla ya Nguvu

Katika kila kazi ya mikono huzuka imani ya upotovu ambayo, kwa kurudiwa mara nyingi, hupata heshima ya kanuni. Katika kazi ya kuunda magari ya mashindano imani hiyo yasema kwamba mwenye kutaka kushinda na aanze na injini. Vijana huipokea kama wosia, mafundi huirudia kama sala, na hapana aulizaye ilitoka wapi. Makala haya yameandikwa ili kuipinga. Nadai kwamba katika mchezo wa otokrosi, mtu achukuaye gari kuukuu jepesi akaliongeza nguvu kabla ya kulipunguza uzito hupoteza fedha zake, huliharibu gari lake, na huwafunza wenye mifuko midogo uwongo kwamba mchezo huu si wao.

Huenda msomaji akastaajabu kuona jambo la magari katika jarida la fasihi. Asistaajabu. Dai hupimwa kwa ushahidi, liwe juu ya utenzi au juu ya tairi. Na mwanafunzi asiyeweza kupambanua hoja na makelele gerejini hataweza kuyapambanua maktabani.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Otokrosi ichezwayo Marekani chini ya Sports Car Club of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1944, haina magari yanayoparamiana. Koni za plastiki hupangwa juu ya lami au saruji, aghalabu katika kiwanja cha kuegesha magari au uwanja wa ndege. Dereva huikagua njia kwa miguu, kisha hushindana na saa, wala si na gari la jirani. Mkimbio mmoja huchukua dakika 1 hivi, na mwendo mara chache hupita kilomita 100 kwa saa. Kila koni iangushwayo humwongezea dereva sekunde 2, na hayo ni mengi mno mahali ambapo mshindi na mshindwa hutengwa na sehemu ndogo ya sekunde. Kenya nako huchezwa otokrosi, juu ya vumbi. Lakini niizungumziayo hapa ni ile ya lami. Njia yake ni kona, breki, na kona tena. Injini hupata nafasi fupi mno ya kunyoosha miguu yake.

Sasa tuchukue gari moja kuwa mfano: Datsun 240Z, gari la michezo la milango 2 lililotoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969. Jina lake si geni Afrika ya Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo East African Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena. Lina injini ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita 2,393, iliyohesabiwa na watengenezaji kuwa na nguvu za farasi 150 hivi. Kila gurudumu huinuka na kushuka peke yake, na uzito wa gari zima ni kilo 1,050 hivi.

Tufanye hesabu. Gari hili lina kilo 7 kwa kila farasi 1. Tukiliondolea kilo 100, kila farasi atabeba kilo 6.3. Aitakaye nafuu hiyo hiyo kwa njia ya injini, bila ya kuondoa uzito, itampasa aongeze farasi 16. Mpenda nguvu atasema kwamba farasi 16 si wengi, na kwamba kabureta na bomba la moshi vyaweza kuwaleta. Naam, vyaweza. Lakini farasi hao 16 hufanya kazi wakati mguu umekanyaga mafuta tu. Mguu ukiwa juu ya breki, hawasaidii kitu. Usukani ukiwa umekatwa, hawasaidii kitu. Kilo 100 zilizoondolewa husaidia katika kuondoka, katika kusimama na katika kupinda. Mnunuzi wa farasi amelipia faida moja. Mwenye kupunguza amepata tatu.

Na kona ndiyo kiini cha mchezo. Gari la kilo 1,050 likipinda katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 15, kwa mwendo wa kilomita 43 kwa saa, huyadai matairi yake nguvu ya nyutoni 10,000 hivi. Gari la kilo 950 huyadai 9,000 hivi tu. Mjuzi wa fizikia atapinga kwamba uzito ukizidi, mshiko nao huzidi, hivyo hapana tofauti. Pingamizi hilo ni la darasani, wala si la barabarani. Mshiko wa mpira huongezeka pamoja na mzigo, lakini si kwa kiasi kile kile. Gari likipinda, mzigo huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Ya nje hupata kidogo, na ya ndani hupoteza zaidi ya kile walichopata wenzao. Kadiri gari lilivyo zito juu ya matairi yale yale, ndivyo hasara hiyo ilivyo kubwa.

Wapinzani hunitajia Safari yenyewe. Husema: je, magari yaliyoshinda hayakutiwa vyuma vya kuyaimarisha? Yalitiwa, na ilikuwa haki. Safari ilikuwa ya maelfu ya kilomita za mawe, matope na mito. Gari lililovunjika halikufika, hata likiwa jepesi kama unyoya. Otokrosi ni dakika 1 juu ya lami. Mvuvi hauizi kwa nini ngalawa haikujengwa kama jahazi. Kila chombo huundwa kwa bahari yake.

Wengine huing'oa injini ya silinda 6 na kupachika ya Chevrolet yenye silinda 8. Husema, na kwa haki, kwamba injini za kisasa zilizosubiwa kwa aluminiamu si nzito kama zile za kale. Nakubali. Walakini injini haikai peke yake. Giaboksi na difu vilivyoundwa kwa farasi 150 haviwezi kutarajiwa kuwavumilia farasi 350. Radieta yataka kukuzwa, breki zataka kubadilishwa, na bodi yataka kuongezewa vyuma isijinyonge. Kila kipuri huja na kilo zake na bei yake. Tena kitabu cha kanuni hugawa magari katika madaraja kwa kadiri ya mabadiliko yaliyofanywa, na injini ya kigeni huweza kulitupa gari katika daraja la wenye fedha nyingi na uzoefu mwingi. Mtu huyo amenunua nguvu ili akashindwe na watu wakubwa zaidi.

Basi ifanywe nini? Kisomwe kwanza kitabu cha kanuni, kwa maana ndicho kisemacho kipi kiondolewe na kipi kibaki. Kisha itafutwe kutu. Gari la umri huu hulika chini ya betri, sakafuni na katika mihimili ya chini. Na kamba hukatikia pabovu. Chuma kilichooza kikatwe, kizima kichomelewe. Ndipo, kanuni zikiruhusu, vitoke tairi la akiba, jeki, redio, mazulia na lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo kibaba humwagwa. Baada ya hapo bushi zilizochoka, shokabsoba, breki na matairi mema. Injini itiwe plagi safi, irekebishwe vali na kabureta, iachwe.

Nisieleweke vibaya. Wepesi si uzembe. Mkanda wa usalama, kiti kilichofungwa imara na helmeti si uzito wa kupunguzwa. Na atoboaye mhimili ili aokoe nusu kilo amelipunguza gari akili, hakulipunguza mzigo.

Magari haya hayaundwi tena. Kila moja likatwalo ili kupokea injini lisiyoihitaji ni moja lililopungua duniani, na kila kijana aambiwaye kwamba pasipo farasi 350 hana mahali ni dereva mmoja aliyefukuzwa kabla ya kujaribu. Jasho la kubandua lami sakafuni halina bei dukani, na hata maskini analo.

Mwenye shaka na afanye jaribio. Dereva awe yule yule, koni zile zile, matairi yale yale. Akimbie mara 4 na saa. Kisha atie mifuko 2 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, iliyofungwa imara nyuma ya viti, akimbie mara 4 tena. Aandike nyakati zote 8 katika karatasi, na aje nayo tubishane.