Wananchi Waulizwe Kabla ya Kanuni Kutungwa

Sheria hutungwa na Bunge hadharani. Lakini mambo mengi yanayomgusa mwananchi kila siku, kama vile ada, tozo na masharti ya leseni, hayamo katika sheria yenyewe. Yamo katika kanuni, ambazo Waziri hupewa mamlaka ya kuzitunga na kuzitangaza katika Gazeti la Serikali. Ni wakulima wangapi wanaolisoma gazeti hilo?

Mwaka 2021 tulipata funzo. Tozo ya miamala ya simu, ambayo viwango vyake viliwekwa kwa kanuni, ilianza kukatwa tarehe 15 Julai, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala. Wananchi walilalamika nchi nzima. Serikali ilisikia, na mwezi Septemba ikaipunguza kwa asilimia 30. Usikivu huo unastahili pongezi. Hata hivyo, maoni yale yale yangeweza kupokewa kabla ya mtu yeyote kukatwa hata senti moja.

Njia ya kufanya hivyo si ngeni kwetu. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 inaitaka Mamlaka hiyo ifanye uchunguzi kabla ya kupanga bei, itoe tangazo gazetini na itaje muda wa kupokea maoni. Linalowezekana kwa bei ya maji na umeme halishindikani kwa kanuni za wizara.

Wapo watakaosema kwamba mashauriano huchelewesha kazi. Lakini kanuni inayorekebishwa kabla haijatimiza miezi miwili imechelewesha kazi zaidi, na imepunguza imani ya watu. Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo huzichambua kanuni zikiwa zimekwisha kutangazwa. Na majuto ni mjukuu.

Kwa hiyo tunashauri kwamba, isipokuwa kwa dharura ya kweli, kila wizara itangaze rasimu ya kanuni zake kwa Kiswahili, redioni na katika mbao za matangazo za kata na vijiji. Itoe muda wa kutosha. Kisha ieleze ni maoni gani imeyakubali, yapi imeyakataa, na kwa nini. Bila maelezo hayo, kumwuliza mwananchi ni kumdhihaki.

Katiba, katika ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Haki hiyo haiishii kwenye sanduku la kura.