Viti vya magari ya watalii visinunuliwe kama makochi

MASIKA yanapokolea, gereji za Arusha hujaa magari ya watalii. Wageni wamepungua, njia za hifadhini zimejaa tope, na wenye kampuni huutumia muda huo wa Aprili na Mei kuyaandaa magari yao kwa msimu wa Juni hadi Oktoba. Baada ya springi na shokapu, kazi kubwa ni viti. Vilivyochanika hutolewa, vipya vikaingia, na gari likatoka gereji likinukia leza mpya.

Kasoro ipo katika namna viti hivyo vinavyochaguliwa. Mwenye gari hufika kwa fundi, akaonyeshwa vipande vya rangi mbalimbali, akabonyeza sponji kwa kiganja, akauliza bei ya kiti kimoja, kisha wakaanza kupatana. Mazungumzo yote huhusu kile ambacho mgeni atakiona. Kitakachomshika mgeni huyo gari likipinduka hakitajwi kabisa. Hivyo ndivyo watu wanavyonunua makochi ya sebuleni.

Ni vema ikumbukwe gari lenyewe limetoka wapi. Nyingi za Land Cruiser zinazopeleka wageni Serengeti na Ngorongoro hazikutoka kiwandani zikiwa na viti hivyo vya mtu mmoja mmoja vinavyotazama mbele. Baadhi zilikuja na mabenchi ya pembeni. Nyingine zilikuwa pikapu, zikakatwa, chesisi ikarefushwa, bodi ikaundwa upya ili ipatikane safu nyingine ya abiria. Kwa hiyo chini ya viti vya katikati mara nyingi hakuna tundu wala uimarisho wowote uliowekwa na kiwanda. Fundi ndiye anayeamua atoboe wapi, na anaamua akiwa na drili mkononi na mteja anayetaka gari lake kesho asubuhi.

Kwa viwango vya kimataifa uamuzi huo si mdogo. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu za kufungia mikanda, inataka mkanda wa pointi tatu katika gari dogo la abiria ujaribiwe kwa kuvutwa kwa nguvu ya newtoni 13,500 begani na nyingine kama hiyo kiunoni, kwa wakati mmoja. Kila moja ni sawa na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya tani moja na robo. Mkanda ukiwa umefungwa kwenye kiti chenyewe, huongezwa nguvu ya mara 20 ya uzito wa kiti; yaani kiti cha kilo 25 kinaongeza mzigo wa nusu tani. Bolti nne zilizopitishwa kwenye bati tupu na kukazwa kwa washa ndogo kama sarafu haziwezi kutegemewa kwa mzigo huo. Bolti yenyewe huenda isikatike, lakini bati litachanika na kiti kitang'oka pamoja na abiria aliyejifunga mkanda wake kama alivyoagizwa.

Dawa yake si ya ajabu. Kila mguu wa kiti uwekewe chini ya sakafu bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na upana wa kiganja, na inapowezekana bolti ipite kwenye mhimili wa bodi badala ya bati. Bolti ziwe zenye namba 8.8 kichwani, na nati ziwe za aina isiyolegea kwa mtikisiko. Matundu yapakwe rangi na kuzibwa, la sivyo maji yataanza kula chuma kabla msimu haujaisha. Fundi anayependa kuchomelea miguu ya kiti moja kwa moja kwenye bati azuiwe, hasa ikiwa tangi la ziada la mafuta liko karibu.

Fremu nayo ina mambo yake. Bomba jembamba la mraba linalotosha kwa kochi la nyumbani litapasuka kwenye kona za uchomeleaji baada ya safari chache katika barabara za vumbi zenye mawimbi. Isitoshe, kiti cha gari la watalii hakikaliwi tu. Paa likifunguliwa, mgeni wa kilo 90 husimama juu yake na viatu vyake, akaegemea kwa mkono mmoja na kupiga picha simba kwa mkono mwingine. Wengine hukalia egemeo la mkono. Mtengeneza makochi hakuwahi kufikiria mambo hayo, na si kosa lake, hakuambiwa.

Hilo ndilo linalofanya sponji ya mabaki ya magodoro kuwa hasara. Ikishabonyea, mgeni anashuka sentimita kadhaa na kuanza kutazama fremu ya dirisha badala ya twiga. Ikijazwa kupita kiasi, kichwa chake kinagonga paa lililofungwa kila gari linapoingia shimoni. Kabla ya fundi kukata chochote, mtu mrefu akalishwe kwenye kiti kimoja cha majaribio, vipimo vichukuliwe, kisha ndipo vitengenezwe vingine. Kuhusu kitambaa, Marekani hairuhusu vifaa vya ndani ya gari kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Fundi wa mtaani hana maabara, lakini kipande kidogo kikichomwa nje ya gereji kitaonyesha kama kinawaka kama karatasi.

Friji na makabati ya vyombo yafungwe kwa utaratibu uleule, na nyaya za friji zisipite chini ya mguu wa kiti. Waya uliobanwa na kuchubuka nyuma ya leza na sponji ni moto unaosubiri siku yake.

Wapo watakaosema ushindani ni mkali na wakala wa ng'ambo anabana bei, hivyo fedha za mabamba na bolti hazipo. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye gari moja anayelipa mkopo. Hata hivyo, mtu huyo ndiye asiyeweza kumudu gari kulala gereji mwezi Agosti kwa sababu kiti kimevunjika, wala kubishana na kampuni ya bima kuhusu mabadiliko ambayo haikuarifiwa. Kama fedha ni kidogo, achague leza ya bei nafuu. Leza hubadilishwa hata mwakani.

Makubaliano na fundi yaandikwe: unene wa fremu, aina ya bolti, mabamba, mikanda. Sehemu ya malipo ibaki hadi mwenye gari, au dereva wake, aingie chini ya gari na tochi na kuhesabu mabamba mwenyewe. Gari likirudi kutoka safari ya kwanza, bolti zote zikazwe tena, maana kapeti na rangi chini ya miguu ya kiti hubonyea. Kwa bolti za milimita 10, kazi hiyo huhitaji spana namba 17 na nusu saa ya dereva.