Msamaha wa kodi uanze na wazee, si wadaiwa sugu

Mjini Busia mpaka wa Kenya na Uganda umepita katikati ya watu wa ukoo mmoja. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo hadi Malaba na Tororo. Si ajabu kumkuta bibi anayeishi Marachi, upande wa Kenya, akiwa na dada yake mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, mwendo mfupi tu kwa bodaboda. Tuseme wote ni wajane, na kila mmoja ameachiwa na marehemu mumewe kiwanja kidogo na nyumba ya bati. Mbele ya mkusanya kodi, undugu huo unaishia kwenye kizuizi cha mpakani.

Dada wa Sofia analindwa na sheria ya Uganda ya mwaka 2005 inayosimamia kodi ya majengo katika serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka uliofuata. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi haitozwi. Dada wa Marachi anadaiwa na kaunti kodi ya ardhi inayokokotolewa kwa thamani ya kiwanja, na haijalishi kama anayekikalia ni ajuza wa miaka 80 au tajiri wa malori. Kaunti zina haki ya kutoza kodi hiyo chini ya Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010, na Busia inahitaji taa, mitaro na magari ya taka. Lakini bibi asiye na mshahara hana pa kuitoa. Riba hujumlishwa, miaka hupita, na siku akifariki warithi wanaambiwa hawawezi kuhamisha hati bila cheti cha kuonyesha kwamba kiwanja hakidaiwi. Deni la bibi linageuka urithi wa wajukuu.

Serikali ya kitaifa inajua bibi huyu hajiwezi. Kupitia mpango wa Inua Jamii, humpa mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Uganda nayo, kupitia mpango wa SAGE, hutoa shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi kwa aliyefikisha miaka 80. Fedha hizo ni za unga, sabuni na dawa. Kuzitoa kwa dirisha moja na kuzidai kwa dirisha la pili ni kumsumbua mzee bure.

Atakayetetea hali ilivyo atasema kaunti za Kenya hutoa misamaha. Ni kweli, na Nairobi imefanya hivyo mara kadhaa. Ila kinachosamehewa huwa ni riba na faini, ilhali kodi yenyewe inabaki. Anayefaidi ni nani? Ni mwenye majengo ya kibiashara aliyekaa na fedha za umma kwa miaka, akasubiri tangazo, kisha akalipa deni la msingi tupu. Mzee aliyeuza kuku kila mwaka ili alipe kwa wakati hapati hata senti. Misamaha ya namna hii inawafundisha wenye uwezo kuchelewa.

Upande wa Uganda nao haupaswi kujipongeza mapema. Wazee wengi wa Busia na Tororo wanaishi kwa kupangisha. Mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake hukaa vyumba viwili na kupangisha vitatu, na hiyo ndiyo pensheni yake halisi. Sehemu aliyopangisha inatoka kwenye ulinzi wa sheria na kuingia kwenye uthamini sawa na jengo la mfanyabiashara. Hapo ndipo umri na ulemavu vingepaswa kuulizwa, na haviulizwi. Vyumba viwili au vitatu vya mjane havifanani na hoteli ya mpakani.

Watu wenye ulemavu wana hoja ya ziada. Kenya huwasamehe waliosajiliwa kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Ni jambo jema, lakini linamfaa zaidi mwenye ajira kuliko fundi viatu wa Marachi anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004, imesamehe ushuru wa vifaa na gari lililotengenezwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu. Kanuni hiyo inatumika forodhani Busia kwa pande zote mbili. Gari limefikiriwa, nyumba bado.

Kwa wanajeshi wastaafu, tahadhari inahitajika. Kenya ilitunga sheria ya kuwatambua mwaka 2022, na hilo lilichelewa. Hata hivyo, jenerali mstaafu mwenye ghorofa hahitaji kubebwa na mchuuzi wa samaki. Nafuu iwaendee waliolemaa vitani na wajane wa waliofia kazini.

Nafuu ikiandikwa vibaya pia haifiki. Tanzania ina msamaha wa kodi ya majengo kwa mzee na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba anayoishi. Lakini tangu Julai 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na mwaka 2023 ilipanda kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Mita haijui umri wa mtu. Mzee asiyefuatilia ofisini anaendelea kukatwa, na mwenye magoti mabovu ndiye asiyeweza kufuatilia.

Arusha haiwezi kuamuru jambo hili, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja imeacha masuala ya ardhi chini ya sheria za kila nchi. Lakini Kenya imepata Sheria ya Taifa ya kodi ya ardhi ya 2024 iliyofuta sheria kongwe, na Busia inaweza kutumia nafasi hiyo kuandika nafuu ndani ya sheria yake yenyewe. Iwe nyumba moja, kwa mtu mmoja anayeishi humo, hata kama amepangisha vyumba vichache. Bila sharti hilo, vijana wajanja watahamishia viwanja vya biashara kwenye majina ya mama zao. Katiba, katika Kifungu cha 210, tayari inataka kila msamaha wa kodi uwekwe kwenye kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, basi majina yabandikwe ofisi ya wadi kila mtu ayaone. Orodha ya Inua Jamii ipo. Karani wa kaunti aichukue, ailinganishe na daftari la viwanja, na awafute wazee hao kwenye madai bila kuwangoja wapange foleni. Tororo na Busia ya Uganda zinaweza kuanza na orodha ya SAGE.