Oili Nzito Si Dawa ya Presha Ndogo

Presha ndogo ya oili katika injini iliyofunguliwa na kufungwa upya haiponi kwa kumimina oili nzito. Wala hali ya hewa ya joto haitoshi kuitetea njia hiyo: oili nzito huinua mshale wa geji tu, huku beringi zikizidi kusagika.

Kwanza huthibitishwa kipimo kwa geji ya kufunga kwenye injini, kwani swichi ya taa huweza kudanganya. Kwa injini nyingi zilizopata moto, kanuni ya mafundi ni takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Kisha hukaguliwa kiwango cha oili, filta, mpira wa bomba la kufyonzea, vizibo vya njia za oili vilivyosahaulika, na vali ya presha iliyokwama wazi kwa uchafu.

Presha ikianguka injini ipatapo moto, mshukiwa mkuu ni nafasi ya beringi. Krenki iliyochongwa milimita 0.25 hudai beringi za kipimo hicho. Zikifungwa za kawaida, oili huvuja pembeni. Hapo dawa ni kufungua na kupima upya.