Kuhama Mtaa Si Kufuta Hatia

Dereva aliyewahi kuhukumiwa kwa kuendesha gari akiwa mlevi huenda akadhani kwamba akihama Kibera na kuanza maisha mapya Kawangware, yaliyopita yamepita. Lakini fomu ya bima haimuulizi anwani tu. Humuuliza pia makosa yake ya barabarani, na kanuni ya bima yamtaka aseme kweli yote.

Sura ya 405 ya Sheria za Kenya yalazimisha gari liendeshwalo barabarani liwe na bima ya kuwafidia wengine watakaoumia au kufa. Hata hivyo, kampuni iliyofichwa jambo zito yaweza kuiomba mahakama iiondolee wajibu wa kulipa. Hapo anayepata hasara ni mchuuzi aliyegongwa kando ya njia, ambaye hakutia sahihi karatasi yoyote.

Wala si haki aliyejirekebisha miaka mingi atozwe sawa na mlevi wa jana. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoundwa 2007, yafaa ihakikishe kila fomu yataja waziwazi hatia za miaka mingapi zinazoulizwa. Msema kweli akiadhibiwa daima, wengi watachagua kunyamaza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Katika bima, msiba humfika asiyeficha chochote.