Mwali Afundwe na Sheria Pia

Akina mama wenzangu, msimu wa harusi umetufikia tena na simu zetu zimejaa kadi za michango. Sina ugomvi na michango. Anayejitenga na shughuli za wenzake katika mji huu, siku yake ikifika hukaa na viti vitupu. Ninalotaka kusema leo linahusu kicheni pati, shughuli yetu sisi wanawake, ambayo hatuna mwanamume wa kumsingizia kwa namna tunavyoiendesha.

Tunakodi ukumbi. Tunashona sare ambayo haitavaliwa mara ya pili. Kungwi wa kukodi, ambaye hamjui mwali wala mama yake, anashika kipaza sauti, anasema yale ya chumbani kwa dakika chache, tunacheka mpaka machozi yanatutoka, naye anawahi ukumbi mwingine. Kisha inaanza foleni ya zawadi: masufuria, hotipoti, blenda, jiko la gesi na mtungi wake, na likitajwa friji ukumbi mzima unasimama kwa vigelegele. Mwali anarudi nyumbani na gari zima la vyombo. Kichwani ameondoka na nini?

Bibi zetu waliwekwa ndani, wakakaa na somo aliyewajua tangu utotoni. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa sauti yake ya taarabu, lakini kwao alikuwa pia bingwa wa ngoma ya unyago na mfundaji wa mabinti. Sisemi kila walichofundishwa kilikuwa chema. Mengine yalimzoeza msichana kunyamaza mahali alipostahili kupiga yowe. Hata hivyo wazee wale hawakumfunda mwali kwa ajili ya kuwachekesha wageni. Walimfunda kwa maisha yaliyokuwa yakimngoja hasa: jembe, uzazi, wakwe, mwaka wa njaa.

Na mwali wa leo anangojwa na nini? Anangojwa na kiwanja kilichonunuliwa kwa mshahara wa mume na pesa ya mchezo wa mke, karatasi ya mauziano ikabeba jina moja tu. Anangojwa na mkopo wa benki ambao nyumba anayolala ndiyo dhamana yake. Hayo hakuna anayemweleza mpaka dalali wa mnada agonge mlango.

Wakati sheria ipo, tena ya zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika huku Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 59 kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumchapa mwenzake eti anamwadhibu. Na kwa hao wanaokaa pamoja bila ndoa (tusijifanye hatuwajui, ni watoto wetu), kifungu cha 160 kinasema wakiishi miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kuwa ni mke na mume, watahesabiwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni wangapi kati yetu, tuliovaa sare na kupiga vigelegele, tunaoyajua hayo matatu?

Liko pia shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililofika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Swali lilikuwa hili: mwanamke aliyepika, akafua, akalea, bila kuleta mshahara nyumbani, amechangia chochote katika mali ya ndoa? Mahakama ikajibu kwamba kazi ya nyumbani ni mchango. Nalikumbusha kwa sababu hata leo utamsikia mwanamke akijieleza kwamba yeye "yupo tu nyumbani". Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, analala wa mwisho, halafu yupo tu!

Najua mtakalonijibu. Mtasema: mwanamke wewe, unamfunda mwali talaka kabla hajaolewa. Basi niulizeni kuhusu mahari. Binti wa Kiislamu huambiwa wazi kwamba mahari ni mali yake, na hakuna shehe aliyewahi kusema kumwambia hivyo ni kumtakia kuachika. Wanandoa wanaojua nani anasaini nini hugombana mara chache kuliko waliofichana. Tena hao wanaume wengi wenyewe hawaijui sheria hii; anayeuza nyumba kwa siri mara nyingine hudhani kweli ni yake peke yake.

Wengine watasema sheria ni Kiingereza kitupu. Hilo nalo limepungua nguvu tangu mwaka 2021, ilipotungwa sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Na msaada upo karibu: wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kinajulikana kwa kazi hiyo. Kwenye kicheni pati hatuhitaji hotuba ndefu. Mwanamke mmoja anayeijua sheria na kusema kwa lugha yetu, nusu saa tu: nyumba, mikopo, cheti cha ndoa kinakohifadhiwa, na baraza la usuluhishi la kata linavyofanya kazi. Kungwi naye abaki na lake, sijamfukuza.

Mkiniambia muda hautoshi, sitakubali. Keki peke yake huingia ukumbini kwa wimbo mzima, ikafika, wimbo ukarudiwa kwa ajili ya mpiga picha. Punguzeni hapo. Kamati zinazokaa mwezi huu ziliandike jambo hili kwenye ratiba, na liwe kabla ya chakula, maana sahani zikishapita hakuna anayemsikiliza mtu.