Penye miti hakuna wajenzi: Kitendawili cha madaktari wa nusukaputi Nairobi

MKAZI wa Kibera anayesimama kando ya barabara ya Mbagathi hahitaji kutazama mbali ili aione hospitali. Hospitali ya Mbagathi i papo hapo, na mwendo mfupi mbele yake ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta, KNH, ambamo madaktari wengi bingwa wa nusukaputi wa taifa hili walifunzwa kazi. Mkazi wa Kawangware naye ni jirani wa Lavington, mtaa ambao wenyeji wake hutibiwa katika hospitali za kibinafsi zisizokosa mtaalamu, mchana wala usiku.

Hata hivyo, mama mjamzito wa Kibera au Kawangware anayehitaji kupasuliwa usiku wa manane hana hakika ya kumpata daktari bingwa wa kumtia ganzi au kumlaza usingizi. Wahenga walinena kuwa penye miti hakuna wajenzi. Swali ni je, wajenzi hao huenda wapi baada ya kuhitimu?

Kwanza ni vyema kuielewa kazi yenyewe. Wengi hudhani kuwa mtaalamu wa nusukaputi hudunga sindano kisha akaketi kungoja. Ukweli ni kwamba yeye ndiye mlinzi wa uhai mgonjwa anapokuwa hajiwezi. Mama akidungwa sindano ya uti wa mgongo, shinikizo la damu laweza kushuka ghafla. Akilazwa usingizi kabisa, huenda ikabidi apumuliwe kwa mashine kupitia mpira uliotiwa kooni, na mpira huo ukiingia njia isiyo yake, dakika chache zatosha kuleta msiba. Akivuja damu, ni mtaalamu huyu anayeongoza juhudi za kumwongezea maji na damu huku mpasuaji akiendelea na kazi yake.

Shirikisho la dunia la vyama vya wataalamu wa nusukaputi, WFSA, limependekeza madaktari bingwa wasiopungua watano kwa kila watu 100,000. Kenya haijafikisha hata mmoja kwa idadi hiyo ya watu. Gharama ya upungufu huu barani ilidhihirika mwaka 2018, utafiti uliofanywa katika mataifa 25 ya Afrika ulipoonyesha kuwa mgonjwa anayepasuliwa barani humu ana uwezekano maradufu wa kufariki akilinganishwa na wastani wa dunia, ingawa kwa kawaida ni kijana zaidi. Taarifa iliyofuata mwaka 2019 ilionyesha kuwa akina mama wanaofariki baada ya kujifungua kwa upasuaji barani ni takriban mara 50 ya wale wa mataifa tajiri.

Jawabu linalotolewa kila mara ni kufunza madaktari zaidi. Jawabu hilo si baya, ila ni nusu ya jawabu. Njia ya kuufikia ubingwa ni ndefu na ina miiba. Mwanafunzi husomea udaktari kwa takriban miaka sita, kisha huhudumu mwaka mmoja akiwa mwanagenzi. Wengi hufanya kazi ya udaktari wa kawaida kwanza, ndipo wakaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Aga Khan au kwingineko, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Hivyo basi, anapohitimu, daktari huyu ametumia zaidi ya mwongo mzima darasani na wadini.

Hata hatua ya unagenzi imegeuka uwanja wa vita. Mgomo wa madaktari uliodumu siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017 ulihusu mkataba wa mwaka 2013 ambao serikali haikuutekeleza. Mgomo wa siku 56 wa mwaka 2024 ulichochewa kwa kiasi kikubwa na malipo na uajiri wa wanagenzi. Kijana anayeanza safari kwa ugomvi na mwajiri wake hawezi kutarajiwa kuimaliza kwa uzalendo mtupu.

Uzamili nao una sura mbili. Daktari aliyeajiriwa na kaunti na kupewa likizo ya masomo huendelea kupata mshahara, naye hutia saini ahadi ya kurudi kuhudumu. Anayejilipia karo hana mshahara. Ni mwanafunzi kwa jina, ilhali ndiye anayekesha katika vyumba vya upasuaji vya hospitali za mafunzo na kuwahudumia wagonjwa mahututi. Tukiwa wakweli, hospitali hizo kuu huendeshwa usiku na watu ambao baadhi yao hawalipwi chochote kwa jasho lao.

Baada ya kuhitimu, barabara hugawanyika. Wapo wanaorudi kaunti, ambako lalamiko lililorudiwa na chama cha madaktari, KMPDU, ni kuwa bingwa huweza kungoja muda mrefu kabla ya kupandishwa cheo kinacholingana na shahada yake. Wapo wanaobaki vyuoni kufundisha. Wengine huajiriwa na hospitali za kibinafsi au huzunguka kutoka moja hadi nyingine wakilipwa kwa kila upasuaji. Na wapo wanaovuka mipaka kwenda kusini mwa Afrika, Ghuba au Uingereza. Hakuna haki ya kuwalaumu. Aliyejilipia karo na kukesha bila mshahara hana deni kwa serikali, bali serikali ndiyo yenye deni kwake.

Tatizo ni kuwa katika barabara zote hizo, hakuna inayoelekea wazi Kibera wala Kawangware. Vituo vingi vya umma mitaani humo ni zahanati na vituo vya afya ambavyo havikukusudiwa kufanya upasuaji. Kituo cha Kibera Kusini, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka na kukabidhiwa kaunti mwaka 2017, kilileta nafuu kubwa katika huduma za uzazi, lakini uzazi ukiwa mgumu, mama hana budi kuhamishiwa hospitali kubwa. Serikali ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mnamo Juni 2013, kizuizi cha fedha kilipungua na akina mama wakahimizwa kujifungulia hospitalini. Idadi ya wanaoweza kuwatia ganzi haikuongezeka kwa kasi hiyo.

Basi ni nani anayebeba mzigo? Katika sehemu kubwa ya hospitali za umma nchini, nusukaputi hutolewa na maafisa wa kliniki waliosomea stashahada ya juu katika chuo cha KMTC, pamoja na wauguzi waliofunzwa taaluma hiyo, wakiwemo waliopitia hospitali ya misheni ya Kijabe. Hawa ndio uti wa mgongo wa upasuaji nchini. La kusikitisha ni kwamba wao huzungumziwa kana kwamba ni kiraka cha muda tu. Aghalabu afisa wa aina hii hufanya kazi peke yake, bila bingwa wa kumpigia simu mambo yanapoharibika, na ngazi ya kupandia katika taaluma yake ni fupi.

Wapo wanaodai kuwa kutegemea maafisa hawa ni kuwapa maskini huduma ya daraja la pili. Wengine hujibu kuwa wao wanatosha, na kwamba bingwa ni anasa. Hoja zote mbili zina kasoro. Mama anayevuja damu Kawangware hawezi kungoja mpaka Kenya ifikishe mabingwa watano kwa kila watu 100,000. Vivyo hivyo, afisa hawezi kuachwa akabiliane na kifafa cha mimba au moyo mgonjwa bila msaada. Kinachohitajika ni bingwa na afisa kufungamanishwa katika mfumo mmoja, bingwa akiwa msimamizi na mwalimu wa kundi zima badala ya kuwa mgeni wa kulipwa kwa siku.

Hilo lawezekana bila miujiza. Madaktari wanaosomea ubingwa walipwe, na sehemu ya mafunzo yao ifanyiwe katika hospitali kama Mbagathi na Mutuini iliyoko Dagoretti, chini ya wakufunzi wao. Chuo cha kanda, CANECSA, tayari kinafuata utaratibu wa kumfunza daktari akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Kaunti ya Nairobi nayo itenge nafasi za ajira za mabingwa kabla hawajahitimu, ili atiaye saini ahadi ya kurudi ajue anarudi kwa cheo gani. Maafisa na wauguzi wa nusukaputi wawekewe ngazi ya kupanda, na bingwa wa zamu ambaye simu yake hupokelewa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo haipimwi kwa umbali wa kutoka Kibera hadi lango la KNH. Hupimwa kwa dakika ambazo mama hungoja kwenye kitanda cha upasuaji kabla mtu aliyefunzwa hajasimama kichwani pake. Serikali ikiendelea kuhesabu vyeti vya mahafali na kusahau kuhesabu dakika hizo, miti itazidi kuwa mingi, nao wajenzi wataendelea kujenga kwingine.